Kutoka karakana hadi tumboni mwa meli

Jumapili, usiku

Wazo la kuacha karakana na kuingia kwenye uzamiaji wa kazi, yaani ufundi wa chini ya maji, limenikaa kichwani wiki nzima. Fundi wa kuchomelea akisikia habari hizi huiwaza weldi tu: ufundi ni ule ule, malipo zaidi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Bandarini, iwe Kilindini au Dar es Salaam, mzamiaji hukwangua chaza na magugu tumboni mwa meli, husugua pangaboi, hubadilisha vipande vya zinki vinavyoikinga meli na kutu, vikishaliwa na chumvi, huzibua matundu yanayoingiza maji ya kupozea injini. Weldi huja mara moja moja.

Na ikija, si ile tuliyoizoea. Umeme ni DC, unaokwenda upande mmoja tu, kamwe si AC, unaogeuka-geuka. Elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, hukaa upande wa hasi. Ukigeuza, umeme huanza kula shaba ya kishikio chako mwenyewe. Vijiti hupakwa nta au vanishi visilowe. Huoni dimbwi la chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo unakikandamiza kijiti kwenye kona ya kiungo na kukiacha kijilie, huku mkono wa pili ukikiongoza. Ukitaka moto unasema kwenye simu ya kofia, aliye juu anawasha swichi; kijiti kikiisha unasema zima, unasubiri ajibu, ndipo unabadilisha. Usikae kati ya kijiti na klampu ya ati, ile inayorudisha umeme mashineni. Maji hupoza chuma ghafla mno, hidrojeni hunaswa ndani, na chuma chenye kaboni nyingi hupasuka pembeni mwa weldi hata kama mshono unapendeza machoni.

Kukata chuma kwa umeme na oksijeni kunanitia hofu zaidi. Oksijeni isiyoungua na hidrojeni hujikusanya juu, nyuma ya bati au ndani ya nguzo tupu, na cheche moja inatosha kulipua. Tundu la kutolea gesi hutobolewa kwanza, sehemu ya juu kabisa.

Halafu kuna adui asiyeonekana: tofauti ya kina cha maji pande mbili za ukuta. Lango la bwawa lenye uwazi wa sentimita 30 kwa 30, upande mmoja maji yakiwa juu kwa mita 6, humvuta mtu kwa uzito wa kilo 540 hivi. Hakuna wa kumchomoa mpaka maji yalingane. Ndiyo maana valvu hufungwa na kutiwa kufuli kabla mtu hajalowesha mguu.

Hewa nayo ni hesabu. Mita 30 chini, presha ni mara 4 ya huku juu. Ukikadiria lita 40 kwa dakika huku juu, huko chini mapafu yanakula 160. Chupa ya akiba ya lita 12 iliyojazwa kwa presha ya bar 200 ina lita 2,400 za hewa: dakika 15, na woga huzipunguza. Kwa majedwali ya jeshi la majini la Marekani, kina hicho kinakupa dakika 25 za kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani ukipanda ili mwili utoe gesi.

Afrika Kusini mafunzo yamepangwa kwa madaraja: la 4 ni la chupa mgongoni, la 3 hewa kutoka juu hadi mita 30, la 2 hadi mita 50, la 1 ni la kengele, chumba cha chuma kinachowashusha wazamiaji. Kumaliza darasa hakukupi kofia siku hiyo hiyo. Mgeni huanza kama mshika kamba: kulisha na kuvuta mabomba ya mwenzake, kuchunga kompresa, kuosha vifaa. Kwa fundi aliyezoea kuitwa bosi karakanani, hilo ndilo gumu kulimeza, na naona ni haki liwe hivyo, maana uhai wa aliye chini umo mikononi mwa huyo mgeni.

Kabla ya ada ni daktari: masikio, mapafu, moyo. Sikio lisilosawazisha presha linafunga habari yote. Wakati huo huo nimeweka uani ndoo ya maji ya tope, boliti za milimita 16 na glavu nene. Najizoeza kuzifunga kwa kupapasa, nati isidondoke.