Barzilai Akataa Mwaliko wa Mfalme

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni 2 Samweli 19:31-39. Daudi anarudi Yerusalemu baada ya uasi wa Absalomu, naye anamwalika Barzilai Mgileadi, aliyemlisha kule Mahanaimu, avuke naye Yordani akatunzwe kwa mfalme. Mzee huyo wa miaka 80 anajibu kwa maswali: je, bado anaweza kupambanua mema na mabaya, kuonja ladha ya anachokula, kusikia sauti za waimbaji?

Maswali hayo yanagusa mambo mawili ambayo wataalamu wa ubongo wanayachunguza hadi leo, yaani uwezo wa kuongoza fikra na hamu ya kutenda. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotuwezesha kushika jambo akilini, kupuuza kelele na kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine, ni miongoni mwa zile zinazosinyaa zaidi uzeeni. Mfumo wa dopamini, kemikali inayotusaidia kuona kwamba jambo fulani linastahili jasho letu, nao hudhoofika polepole tangu utu uzima.

Kanisani tunayaona hayo bila kuyatambua. Mama mzee anakabidhiwa daftari la michango huku matangazo yakisomwa na watu wawili wakimsemesha kwa pamoja; anakosea hesabu, nasi tunanong'ona kwamba amechoka na huduma. Mkute jioni kwenye jumuiya, palipotulia, akiwaombea wenye shida: atataja aliyelazwa, aliyefiwa, na mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, wala hatamruka mmoja.

Tangu miaka ya 1990 mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ameeleza kwamba mtu anapoona muda uliobaki ni mfupi, huegemea watu wa karibu na malengo yanayogusa moyo wake, akaacha mengine yapite. Barzilai naye hakuishiwa hamu. Alitaka kufia mjini kwake, penye kaburi la baba na mama yake, na alitaka Kimhamu, anayedhaniwa kuwa mwanawe, avuke badala yake. Tunapenda kumhubiri Kalebu, aliyedai nchi ya milima akiwa na miaka 85, nami simpingi, ila wazee wengi tulio nao wanafanana zaidi na Barzilai.

(Mzee akipoteza ghafla hamu ya kila kitu, hata ya wajukuu na chakula, apelekwe hospitali, huenda ni ugonjwa, na kumkemea kwamba imani yake imepoa ni kumwonea.)

Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu. Basi viongozi wanapogawa majukumu, wamuulize kila mzee ni huduma ipi angependa kubaki nayo, na ni nani angependa ashike zile nyingine.