Siku moja ya mwalimu wa fizikia: leo tunaitafuta g, kipimo cha mvutano wa dunia

Saa 11 alfajiri niko macho, saa 12:30 nimening'inia kwenye daladala, saa 1:30 niko mstarini naandika majina ya waliochelewa. Nafundisha fizikia shule ya kata. Nikisema hivyo mtaani, huwa naulizwa mambo mawili: mshahara umeingia, na si mnatoka saa nane? Haya, twende wote.

Saa 2:00, kidato cha pili, kanuni ya Ohm. V = IR, yaani volti ni mkondo mara ukinzani. Nusu ya darasa wameshaletewa na tuisheni ile pembetatu yao: V juu, I na R chini, unafunika herufi unayoitaka, jibu linabaki wazi. Wanapata vyote. Naichukia pembetatu ile, na sababu mtaiona saa 5. Baada yao kidato cha kwanza, vipimo vya urefu, hakuna la kusimulia. Saa 4:30, chai na andazi.

Saa 5:00 kidato cha nne, vipindi viwili mfululizo, zoezi la pendulamu. Uzi tumenunua dukani, vitufe vya chuma hatuna, tunafunga nati za baiskeli. Saa za kupimia ni chache, zinapokezanwa kundi kwa kundi. Uzi wa mita 1, bembesha, hesabu mara 20 kwenda na kurudi, soma sekunde. Hapo hawana tatizo, wengi wanaangukia kwenye 40 na ushee. Kazi inaanza tukikaa na kalamu: T = 2π√(L/g). T ni sekunde za kwenda na kurudi mara moja, L ni urefu wa uzi. Tafuta g.

Kimya.

Kijana mmoja wa nyuma, mwenye akili kweli, anachora pembetatu. T juu. Sasa 2π inakaa kona gani? Na kipeuo je? Anafuta, anachora kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa nafasi. Jirani yake kaandika T − 2π = √(L/g). Namuuliza hiyo hasi imetoka wapi. "Madam, imevuka. Ikivuka inabadilisha alama." Wimbo huo wametoka nao shule ya msingi, na kwa kujumlisha na kutoa hauna neno. Lakini hapa 2π inazidisha, kwa hiyo haiondoki mpaka ugawanye.

Nafuta ubao. Tuulizane: L juu ya g, kisha ikafanywa nini? Ikatiwa kwenye kipeuo. Kisha? Ikazidishwa kwa 2π. Basi tunashusha mizigo kwenye buti la basi, ulioingia mwisho unatoka kwanza. Gawanya kwa 2π pande zote. Weka kipeo cha pili pande zote, na T²/4π² = L/g. Zidisha kwa g, kisha ondoa kilichobaki nayo, g = 4π²L/T². Naona vichwa vikianza kutikisika, ndipo mkono unapanda mbele.

"Madam, g si ni 10? Tunaitafuta ya nini?"

Ningesema mtihani unaitaka, tukamalizana. Lakini swali ni zuri mno. Namsimulia Jean Richer, mwanaanga Mfaransa aliyefika mwaka 1672 na saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akakuta saa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa haikuwa mbovu. Mvutano wa kule ulikuwa mdogo kidogo. Kumbe g inabadilika ukihama, na hiyo 10 tunaiandika kurahisisha hesabu tu.

Kengele imeshalia, mwalimu wa historia amesimama mlangoni. Dakika mbili mwalimu, tafadhali. Kundi la dirishani lilipata sekunde 40.2, T ni 2.01, g ikatoka 9.77. Safi kabisa. Kundi la pili limeleta 1.56. Wameipa T kipeo cha pili, 2π wameiacha ilivyo. Nawaambia kwa jibu hili ninyi mko Mwezini, maana kule ni kama 1.6. Darasa zima linacheka, na wao wenyewe wanaona walipoteleza kabla sijawaonesha.

Watu husema fizikia ngumu. Watoto hawa wanajua pendulamu inafanya nini. Wanaangushwa na herufi moja iliyojificha chini ya kipeuo.

Kuanzia hapo saa sizifuatilii tena. Wanafunzi wametoka, kikao cha taaluma kimekula mchana, koo limekauka, na rundo la daftari bado liko mezani. Nafika nyumbani taa zimeshawashwa. Jirani ananipokea: "Mwalimu, leo mmechelewa kutoka?" Naitikia tu.

Baada ya chakula nasahihisha, kisha naandika andalio la kesho. Kidato cha tatu, lenzi: 1/f = 1/u + 1/v, f ni umbali wa fokasi, u wa kitu, v wa taswira. Najua kabisa kuna atakayeipindua yote kwa mkupuo aniandikie f = u + v, na atakuwa na uhakika kuliko mimi.