Kinanda cha milioni 6.8: nilivyofikia uamuzi

Picha nne ziliingia WhatsApp saa tano usiku: Yamaha Montage 7, funguo 76, imetumika, milioni 6.8, "maelewano yapo". Nilizikuza mpaka nikaona vumbi kati ya vitufe. Akaunti yangu ilikuwa na milioni 7.1, akiba ya miaka mitatu ya kupiga kinanda kwenye harusi na kurekodi kwaya chumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Sababu ya kukitaka nilikuwa nayo. Kinanda changu cha sasa, Yamaha PSR-S670, kimenilisha miaka mingi, ila piano yake ukiiweka kwenye rekodi pembeni ya mtu anayeimba kwa upole, unasikia imebanwa, kama inapigwa ndani ya kabati. Na Montage niliwahi kuisikia kwenye tamasha la injili. Nilisimama pembeni ya jukwaa mpaka mwisho, macho kwenye mikono ya mpigaji.

Muuzaji alinipa wiki mbili. Nilipomweleza mke wangu, aliuliza swali moja tu: "Hicho kitapiga nini ambacho hiki hakipigi?" Nikaanza kutaja idadi ya sauti na ukubwa wa kumbukumbu, akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza tena lile lile. Fedha ni zetu wote wawili, kwa hiyo alistahili jibu.

Nikachukua daftari la shule, nikaliweka juu ya kinanda. Jumapili mbili na harusi moja, kila nilipobadili sauti niliandika. Kanisani zilitoka sauti tisa: piano, piano ya umeme, ogani, nyuzi (vayolini na wenzake), pedi (sauti laini ya kujazia nyuma), tarumbeta, besi, marimba na filimbi mara moja. Piano na nyuzi peke yake zilibeba zaidi ya nusu ya ibada. Harusini hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Kule karibu kila kitu kilikuwa staili: ngoma, besi na gitaa zinazofuata kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ninazoshika kwa mkono wa kushoto, pamoja na sebene nilizopakia kwa flashi.

Na Montage haina staili za namna hiyo. Watu huiita wekisitesheni, ingawa Yamaha wenyewe huiita sinthesaiza. Wekisitesheni ni kinanda cha kutengenezea wimbo mzima: kina sauti, kina sehemu ya kurekodi ala moja juu ya nyingine, kina madoido ya kusafishia. Korg M1 ya 1988 ndiyo iliyolieneza wazo hilo. Lakini ukishika kodi ya C hakikutolei bendi nyuma yako kama PSR. Namfahamu mpigaji aliyeuza PSR yake ili atimize fedha ya kinanda kikubwa, akaenda harusini peke yake, na saa ya kuingiza maharusi akagundua hana ngoma. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: PSR HAIUZWI. Kwa hiyo milioni 6.8 ilikuwa ya kanisani na ya kurekodi tu, harusi haimo.

(Kama unapiga taarabu, swali lako ni lingine. Rafiki yangu wa Unguja hajali piano hata kidogo, anatafuta robo toni, aweze kushusha noti fulani katikati ya wimbo kwa kubonyeza kitufe. Kwake vinanda vya Korg vya mfululizo wa Pa au Yamaha PSR-A5000 zina maana kuliko Montage yoyote.)

Nilipoanza kusoma vitabu vya maelekezo, na nilivisoma vyote kwenye simu ndani ya daladala, nikakutana na MODX. Montage ilitoka 2016. Miaka miwili baadaye, 2018, Yamaha walitoa MODX, na 2022 wakaiboresha kuwa MODX+. Ndani yake mna injini zile zile mbili za kuzalisha sauti. Ya kwanza ni AWM2, inayotumia sauti zilizorekodiwa kutoka ala halisi, na hazina ya mawimbi ni ile ile ya gigabaiti 5.67. Ya pili ni FM-X, inayounda sauti kwa hesabu tupu, mtoto wa teknolojia aliyoigundua mtunzi wa muziki John Chowning kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967 na ambayo Yamaha waliiuza dunia nzima ndani ya kinanda cha DX7 cha 1983. Ile piano ya umeme inayong'aa kama kengele, unayoisikia kwenye nyimbo nyingi za miaka ya 80, ndiyo hiyo. Ukiwa na MODX unayo. Hata mafaili ya Montage mengi unaweza kuyapakia humo.

MODX7+ iliyotumika niliiona kwa milioni 3.4. Nusu kamili ya bei ya Montage. Basi swali la mke wangu likawa limejigeuza: ile nusu nyingine inalipia nini?

Hilo kwa kusoma sikuweza kulijibu. Nilikodi Montage 7 kwa mtu wa Sinza, Ijumaa mpaka Jumapili, shilingi 150,000, na mpigaji wa kanisa jirani akaniazima MODX7+ yake. Wakati ule 150,000 iliniuma. Leo naiona ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika jambo hili.

Usiku wa Ijumaa niliviweka sambamba, sauti ile ile ya piano, hedifoni moja. Montage ilikuwa na utulivu fulani kwenye noti za chini, tofauti ndogo ambayo nililazimika kufumba macho ili niikamate. Kwenye vidole tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Funguo za Montage ni nzito kidogo na zinarudi kwa adabu. Na zina kitu ambacho MODX haina: ukishashika kodi ya nyuzi, ukikandamiza funguo zaidi, sauti inavimba. Nilishika kodi moja ya F, nikakandamiza polepole, vayolini zikapanda kama watu wanaosimama kwenye viti vyao. Nilirudia labda mara ishirini. Hapo nilitaka kumpigia muuzaji simu saa ile ile.

Jumapili asubuhi nikaanza kukibeba. Montage 7 ina kilo 17, ongeza begi lake gumu, ongeza ngazi za ghorofa mbili. Bajaji ya kwanza ilikataa. MODX7+ haifiki kilo 8, naitia mgongoni.

Kanisani nilimwomba fundi mitambo atuwekee vyote viwili kwenye miksa. Kabla ya ibada nikapiga tenzi moja kwa kinanda kimoja, nikairudia kwa kingine, wanakwaya watano wamekaa nyuma bila kuona nashika kipi. Watatu walisema ni kinanda kimoja nimebadilisha sauti kidogo. Mmoja aliipenda MODX. Fundi mwenyewe akaniita pembeni: "Kaka, hapa kila kitu kinatoka mono. Hata ulete cha milioni 20, spika ni hizi hizi." Kweli, mfumo wetu unaunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Piano iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili, ile nafasi yake yote nzuri inaishia kwenye kebo, na wakati mwingine baadhi ya noti zinapauka kwa sababu mawimbi ya pande mbili yanakatana.

Katikati ya mapambio umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya muda mfupi na spika zikarudi, lakini vinanda vya daraja hili ni kompyuta, havifufuki papo hapo. Vinaanza kujipakia upya, wewe umesimama unaangalia kioo. Kwaya iliendelea kwa sauti na makofi, ikapendeza hata, ila mimi nilikuwa najifunza jambo ambalo picha za WhatsApp hazisemi: bila UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, hakuna kinanda cha bei yoyote kitakachonisaidia pale. Hiyo haikuwemo kwenye bajeti yangu.

Kuna mambo mawili ambayo Montage ilishinda waziwazi, na sitaki mtu asome hapa akadhani haina thamani. Moja ni kubadili sauti bila kukatika: unashika kodi, unahamia sauti nyingine, ile ya kwanza inaendelea mpaka uachie. Zote mbili zinafanya hivyo, lakini Montage inakubali sauti iliyojengwa kwa sehemu nane na MODX inaishia nne. Kwangu nne zinatosha, piano na nyuzi na pedi. La pili ni matundu ya kutolea sauti. Montage ina njia za ziada, unaweza kumtumia mpiga dramu mlio wa metronomu, ule wa kuhesabia mapigo, bila waumini kuusikia, na njia zake kuu zinapeleka sauti mbali bila kuokota mngurumo. MODX ina kushoto na kulia basi, tena za aina ambayo kebo ikiwa ndefu inavuta kelele. Dawa yake ni DI boksi, kijisanduku kinachogeuza sauti ya kinanda iwe kama ya maikrofoni kabla haijasafiri kwenda kwenye miksa. Mpigaji anayezunguka na bendi kubwa, mwenye fundi wake na spika za kueleweka, hayo mawili peke yake yanamlipia tofauti ya bei. Mwenye studio pia, kwa sababu ya zile funguo.

Mimi narekodi kwaya kwa 60,000 wimbo mmoja, na miezi mingine sipati nyimbo tano. Milioni 3.4 ya ziada ingenichukua zaidi ya nyimbo 56 kuirudisha, na hakuna hata mwalimu mmoja wa kwaya aliyewahi kuniambia ataongeza fedha kwa sababu ya jina lililoandikwa nyuma ya kinanda.

Jumatatu nilimwandikia muuzaji: "Samahani kaka, nimejitathmini, sitaweza." Alijibu "Poa", basi. Wiki ile ile nikanunua MODX7+, na kutoka kwenye tofauti nikanunua UPS, DI boksi mbili, hedifoni nzuri ya kurekodia na pedali ya mguu. Jumla ya hivyo vinne haikufika milioni moja. Iliyobaki imelipa ada, na mke wangu ndiye aliyepanga nyingine iwekwe wapi.

Pedali ndiyo niliyoiwaza kuliko vyote. Niliifunga kwenye nyuzi, nikaikanyaga polepole zinavimba. Jumapili ya tatu, mama mmoja wa sauti ya pili alinishika mkono tukitoka: "Mwanangu, leo vile vinanda vya nyuma vilinitoa machozi." Alikuwa anasema nyuzi.

Ila mguu si kidole. Kwenye wimbo wa taratibu, nikishajisahau, bado najikuta nakandamiza funguo za MODX kwa nguvu, nasubiri zile vayolini zisimame.