Halibati kwenye supu isiyotokota: kumbukumbu ya mradi, majaribio ya 1 hadi 7

Lengo ni lilelile: kipande cha halibati cha gramu 170, unene wa sentimita 2.5, kiive ndani ya supu yenye ladha, kibaki na majimaji yake, kisha supu hiyohiyo igeuke rojo la kumwagia juu. Halibati ni samaki bapa wa bahari za baridi. Mnofu wake ni mweupe na mnene, mafuta yake ni kidogo sana, ndiyo maana nyuzi chache za joto zikizidi hukauka na kuwa kama pamba mdomoni.

Jaribio la 1: supu ya mboga na divai

Maji lita 1, karoti 1, kitunguu maji 1 na shina 1 la selari, vyote vimekatwa vyembamba. Punje 8 za pilipili manga, divai nyeupe kavu mililita 250. Mboga zilichemka dakika 20 zikiwa peke yake. Divai na pilipili manga vikaingia dakika 10 za mwisho. Tindikali ya divai huzuia mboga zisilainike, kwa hiyo ikitangulia, karoti inabaki ngumu na supu inakosa utamu wake. Pilipili manga nayo ikichemka muda mrefu huacha uchungu.

Supu ilikuwa nzuri, samaki aliharibika. Moto uliachwa mpaka uso wa supu ukaanza kutokota, nyuzi 95 hivi. Nje palipasuka kabla katikati hapajaiva, na juu ya kipande pakatanda utando mweupe kama ute wa yai uliogandishwa. Utando huo ni protini ya mnofu wenyewe: nyuzi za nyama zikibanwa na joto kali, husukuma nje majimaji yenye protini, nayo huganda pale yanapotokea.

Jaribio la 2: joto

Hili ndilo jaribio lililofundisha zaidi. Supu ilipashwa hadi nyuzi 82, vipande 2 vikaingia vikiwa na ubaridi wa friji, na ndani ya dakika 2 kipimajoto kikasoma 71. Baada ya hapo moto ulirekebishwa ili supu ikae kati ya 70 na 75. Katika joto hilo mvuke unaonekana, vipovu vidogo vimeng'ang'ania chini ya sufuria, lakini hakuna kinachopanda juu. Kikipanda kimoja, punguza moto.

Dakika ya 8 katikati ya kipande ilisoma nyuzi 51. Kilitolewa, kikafunikwa kwa karatasi ya kuokea dakika 3, kikapanda chenyewe hadi 54. Ukikibonyeza kwa ubapa wa kijiko, mapande yake yanateleza na kuachana, kila moja linang'aa kwa unyevu, na kati yake hakuna tena ile rangi ya kioo ya nyama mbichi. Kikiachwa mpaka 60, mapande huachana vizuri zaidi, ila yanamwaga maji kwenye sahani. Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unataka samaki afike nyuzi 63, na kwa mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu ya mwili, hiyo 63 ndiyo ya kufuata. Rojo litasaidia kuficha ukavu.

Sufuria iwe pana kiasi kwamba vipande havigusani, na supu ivifunike kwa kidole kimoja tu. Ncha nyembamba ya mkia ikunjwe chini ya kipande, la sivyo itakuwa imekauka wakati sehemu nene bado mbichi.

Jaribio la 3: chumvi

Utando mweupe ulipungua sana baada ya kuloweka vipande kwenye maji ya chumvi: gramu 50 za chumvi kwa lita 1 ya maji baridi, dakika 15 ndani ya friji, kisha kukausha kwa karatasi za jikoni. Chumvi huyeyusha sehemu ya protini za juu, zikaweza kushika maji badala ya kuyaachia. Usipitishe dakika 20 kwa unene huu; nyama inaanza kukaza kama ya kukaushwa.

Kosa la siku lilikuwa kwenye supu. Ilitiwa gramu 8 za chumvi kwa lita, ikawa tamu kabisa kwa kuonja. Kisha mililita 400 zikachemshwa hadi kubaki 100 ili ziwe rojo, na chumvi yote ikabaki mle: zaidi ya asilimia 3, karibu na maji ya bahari. Rojo lilimwagwa. Sasa kipimo ni gramu 3 kwa lita, kwa kuwa samaki ameshapata chumvi yake kwenye kuloweka.

Na hapa ndipo mradi wote ulipokaa sawa. Ndani ya dakika 8 ladha ya supu haifiki katikati ya mnofu. Inabaki kwenye ngozi ya juu ya kipande, milimita chache tu. Ladha inamrudia samaki kupitia rojo. Supu lazima iwe imekamilika kabla samaki hajaingia, na lazima itengenezwe ukifikiria itakavyokuwa ikipungua hadi robo. Kwenye mililita 100 zilizobaki, ondoa sufuria motoni, tia gramu 60 za siagi baridi iliyokatwa vidogo, kipande kimoja kimoja huku ukizungusha sufuria. Ukirudisha motoni ikachemka, siagi inajitenga na mafuta yanaelea.

Kuhusu samaki mwenyewe

Kipande kibichi kizuri kinapitisha nuru kidogo, kama nta. Kikiwa cheupe mithili ya chaki kabla ya kuguswa na moto, tindikali ya misuli imeshaharibu protini, na hakuna supu itakayokiokoa. Huliwa bila madhara, ila hukauka upesi. Afadhali kikatwe kwa ajili ya mchuzi mzito. Kilichogandishwa kiyeyushwe friji usiku kucha, na mfuko usio na hewa ufunguliwe kwanza.

Majaribio ya 4 na 5: tui la nazi

Tui zito mililita 400, supu ya mboga 200, mchaichai mashina 2 yaliyopondwa, tangawizi gramu 20. Mara ya kwanza tangawizi mbichi iliyokunwa iliingia pamoja na samaki, na uso wa mnofu ukawa laini kama uji. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Safari ya pili ilichemshwa kwenye ile supu dakika 10 kabla ya kutia tui, na tatizo likaisha. Tui lisichemke, litakatika. Ndimu iingie mwisho, moto umezimwa.

Jaribio la 6: maziwa

Laini, lakini ladha imepooza. Limeachwa.

Jaribio la 7: mafuta ya zeituni

Mililita 600 kwenye sufuria nyembamba, nyuzi 55, maganda ya limau na punje 3 za kitunguu saumu. Dakika 24. Mafuta hubeba joto kidogo kuliko maji, takriban nusu kwa uzito uleule, kwa hiyo samaki baridi huyashusha sana. Vipande vikae nje ya friji dakika 15 kwanza. Matokeo ni mnofu laini kuliko wa majaribio yote, unaohitaji tindikali kwenye sahani. Mafuta yaliyobaki yasikae juu ya meza: kitunguu saumu ndani ya mafuta bila ubaridi kinaweza kuzalisha sumu ya botulini. Yachujwe, yaingie friji, yatumike ndani ya siku 3, na yale majimaji ya samaki yaliyotuama chini yamwagwe, yasihifadhiwe pamoja na mafuta.

Linalofuata

Jaribio la 8: supu ya nyanya na zafarani, tindikali ipunguzwe, kwa sababu supu chachu mno huupausha uso wa mnofu kabla joto halijaingia. Unene utakuwa sentimita 4, na makadirio ya kuanzia ni dakika 16, kipimajoto kikiingizwa kutoka dakika ya 12.