Barnaba na fomu ya unesi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa kwenye Matendo 9:26-27, pale Barnaba anapomsimamia Saulo, na nawawaza vijana wetu hapa England wanaotaka kusomea unesi na wana kesi ya zamani, labda ugomvi, labda wizi wa dukani wakati wa ujana, na sasa fomu ya chuo inauliza.

Kuna ushauri unazunguka makanisani, unaniumiza kweli: "Yesu ameshafuta, wewe andika huna." Jamani hapana. Yesu amefuta, amina, ila chuo kitaomba cheti cha DBS, yaani cha kuonyesha rekodi ya makosa ya mtu, tena kile cha ngazi ya juu, kwa sababu ile sheria ya 1974 inayoacha makosa ya zamani yapite inaziacha nje kazi za kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo hata kesi ya miaka mingi inaweza kutokea. Si kila kitu lakini! Tangu Novemba 2020 onyo la polisi ulilopewa ukiwa mtoto, chini ya miaka 18, halitokei lenyewe kwenye cheti, basi ulizia kwanza unatakiwa kutaja nini maana wengine wanajianika bure.

Yapo makosa mazito yanayofunga mlango, nisiwadanganye. Mengine chuo kinayapima, ulikuwa na umri gani, ilikuwaje, umefanya nini tangu hapo. Ila ukificha umefanya kosa jipya, la leo, na NMC wanaosajili manesi wanaangalia sana uaminifu. Mithali 28:13 inasema afichaye dhambi zake hatafanikiwa.

Saulo rekodi yake ilitisha, Yerusalemu walimwogopa wote na walikuwa na haki, ndugu zao aliwafunga yeye. Barnaba hakuwaambia wasahau, alimchukua akampeleka kwa mitume akawaeleza Bwana alimfanyia nini njiani. Na miaka baadaye mbele ya mfalme Agripa ni Paulo (ndiye huyo Saulo) mwenyewe anasema niliwatia watakatifu gerezani, hajafichwa na mtu.

Sasa nyie mnaofanya kazi wodini, kaeni na kijana kama huyo baada ya ibada, msome naye maelezo ya kosa lake kabla hajayatuma chuoni. Wachungaji, barua ya "ni mtoto mzuri anaimba kwaya" haitoshi, kama yeye ameridhia andika kwamba kosa lake unalijua, na useme umeona nini kwake tangu hapo. Na siku ya kuitwa kwenye jopo la chuo linalopima kesi yake mtu amsindikize, hata kama atasubiri nje.