Sindano na masikio ya ukoo wa bibi

Mjomba alidungwa streptomaisini za kifua kikuu. Kifua kikapona, masikio yakafa. Mama mdogo naye akapewa gentamaisini alipojifungua. Siku hizi ukimtaka lazima umguse bega. Majirani wakasema uchawi. Haya, lakini mbona uchawi wenyewe unafuata tumbo la bibi tu?

Kuna badiliko la jeni liitwalo 1555, lililotambuliwa mwaka 1993. Limo kwenye mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya chembe za mwili, na hizo tunarithi kwa mama peke yake. Dawa hizi huua bakteria kwa kunasa kwenye mtambo wao wa kutengeneza protini. Mwenye badiliko hilo, mtambo wa mitokondria zake hufanana zaidi na wa bakteria, basi dawa inanasa na huko. Chembe za vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya ndani kabisa ya sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva, zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena.

Kama ni hilo, wana wa mjomba hawakurithi kwake. Wa mama mdogo ndio nawahofia. Kipimo hatujafanya, ila nikifika zahanati nasema kabla sindano haijavutwa: kwetu gentamaisini hapana, tafuteni nyingine.