Mwanza hadi Kampala: nilivyompangia mama mkubwa safari

Mama mkubwa alipoalikwa harusini Kampala, jukumu la kumpangia safari niliachiwa mimi. Magoti yanamsumbua, na sharti lake lilikuwa moja: "Mwanangu, nifike miguu yangu ikiwa bado inanibeba." Ilinibidi basi nijue kwa uhakika angekaa kitini kwa muda gani.

Nilianza na ramani. Kiwanja cha ndege cha Mwanza kipo karibu nyuzi 2.4 kusini mwa ikweta, na cha Entebbe, kinachohudumia Kampala, kimepakana na ikweta yenyewe, huku longitudo zao zikitofautiana kwa nusu nyuzi tu. Kwa kuwa kila nyuzi ya latitudo ni takriban kilomita 111, nilipata umbali wa moja kwa moja wa kilomita 280 hivi, karibu wote juu ya maji ya Ziwa Victoria, Ukerewe ikibaki mkono wa kulia na visiwa vya Ssese mkono wa kushoto. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa, hata ukiongeza dakika za kupaa na kutua, huumaliza mwendo huo bila kufikisha saa moja.

Lakini kwa tarehe tuliyoitaka, tiketi aliyotuonyesha wakala ilipitia Dar es Salaam: takriban kilomita 850 kuelekea kusini-mashariki, kisha zaidi ya 1,000 kurudi kaskazini-magharibi, yaani karibu mara saba ya ule mstari ulionyooka. Kupitia Nairobi kungepunguza umbali hadi kilomita 980 hivi, ila saa za kusubiri kati ya ndege na ndege zilizidi saa za kuwa angani, na kwa mgonjwa wa magoti benchi la uwanjani ni safari pia. Basi nalo hulizunguka ziwa kwa zaidi ya kilomita 700, ingawa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 foleni ya kivuko imekwisha.

Tulichoamua ni kuigawa safari. Alipanda ndege hadi Bukoba, takriban kilomita 175, akalala kwa ndugu, na asubuhi tukamkodia gari dogo. Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, iko kilomita 80 hivi kutoka hapo, na kwa kuwa maofisa wa nchi zote mbili wanahudumia mahali pamoja, aliteremka mara moja tu, mkononi ana hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Zilizobaki ni kama kilomita 220, naye alipumzika Masaka, akanywa chai, akatembea kidogo, kisha akaingia Kampala alasiri.

Saa za Uganda ni sawa na zetu, hivyo niliweza kutoa muda wa kuondoka katika muda wa kufika bila marekebisho. Anayempeleka mzazi Kigali azingatie kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo muda anaoupata kwa kutoa hivyo lazima auongezee saa moja.